Moshi Ina Sikukuu Yake Tayari

Kuna wazo linalorudi Moshi kila mwaka mvua za vuli zikishaanza. Utalisikia vikaoni, kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa nyumbani, na kwa kila aliyewahi kutembea nje akarudi na picha: mji wetu nao uwe na tamasha lake la Desemba. Tuutangaze mji. Watu waje. Hela ibaki. Na kila linapofafanuliwa, linakuja na orodha ile ile: jukwaa kubwa uwanjani, msanii wa bongo fleva kutoka Dar, kampuni ya bia iwe mdhamini, meza za VIP zenye vitambaa vyeupe, fataki saa sita usiku, na bango lenye picha ya Kibo.

Napinga orodha hiyo yote, kuanzia jukwaa mpaka bango. Wazo lenyewe silipingi. Nalitaka kuliko wengi wanaolisema, na ndiyo maana linaniuma kuliona likivalishwa nguo ya kuazima. Orodha ile ingefaa Dodoma, ingefaa Mwanza, ingefaa Nakuru kule kwa jirani. Tamasha linaloweza kuhamishwa kwa lori moja usiku likafanyika mji mwingine kesho yake haliutangazi mji wowote. Linamtangaza mdhamini.

Tuanze na kitu ambacho kila Mtanzania anakijua. Desemba ikifika katikati, watu wa Kilimanjaro wanarudi kwao. Dar es Salaam barabara zinapungua foleni na watani wetu wanaanza: "Wachagga wamekwenda kuhesabiwa." Mabasi yanajaa, mamlaka inatoa vibali vya mabasi ya ziada na kuonya juu ya kupandisha nauli, na wanaopandisha wanapandisha vile vile. Mwaka 2019 treni ya abiria kati ya Dar na Moshi iliporudi baada ya zaidi ya miaka 20, ilirudishwa mwezi gani? Desemba. Hakuna aliyeshangaa. Hata reli inajua.

Miji mingi duniani inatumia mabilioni kuwashawishi watu waje mara moja kwa mwaka. Sisi watu wanasafiri zaidi ya kilomita 500 kuja, tena kwa gharama zao, tena wakiwa na watoto, na wasipokuja wanaona aibu. Sasa jamani, mji wenye bahati hiyo unahitaji kuanzisha msimu wa nini? Msimu upo. Kinachokosekana ni mji kuupokea.

Angalia mambo yanavyokwenda. Mtu wa Marangu au Rombo akitoka Dar anakata kona pale Himo. Moshi mjini hafiki kabisa. Mtu wa Machame, Kibosho au Uru anafika mjini, ananunua nyama, sukari na kreti za soda, anagombana na trafiki kidogo, anapanda mlimani. Ataonekana tena mjini siku ya kurudi, tanki likijazwa mafuta. Mtalii naye anatua KIA, analala usiku mmoja, anapanda mlima, anashuka, anaondoka. Kwa hiyo Desemba yetu mji unajaa magari na baa zinajaa watu, lakini hakuna anayekuja Moshi kwa ajili ya Moshi. Mji umekuwa duka la njiani kati ya lami na kihamba.

Hilo ndilo tatizo ambalo tamasha lolote la maana lingepaswa kulitatua: kumpa aliyerudi sababu ya kushuka mjini siku mbili tatu, na kumpa mwenyeji wa mjini sababu ya kutoka nje ya geti. Msanii wa kutoka Dar hawezi kuwa sababu hiyo. Aliyerudi alimwacha huko huko Dar, na akitaka atamwona Februari, kwa kiingilio kidogo zaidi.

Wanaopenda mifano ya nje nawapa mifano, maana mimi pia naipenda. Wengi husema: "Tazama Calabar." Ni kweli, tuitazame. Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, ilianzisha tamasha lake la Desemba mwaka 2004 chini ya gavana Donald Duke, na maandamano yake ya karnivali sasa yanajulikana Afrika nzima. Lakini wanaotuletea mfano huo wanaona manyoya na magari yaliyopambwa tu. Hawaoni kwamba karnivali ile inabebwa na vikosi vyenye majina na rangi zao, ambavyo watu wanajiunga navyo, wanashona sare, wanafanya mazoezi, na kushindana mwaka hadi mwaka. Ondoa vikosi, ubaki na msanii na jukwaa, na Calabar yenyewe ingekuwa shoo ya kawaida ya Desemba.

Halafu tuitazame Cape Town, mfano ninaoupenda zaidi kwa sababu una machungu ndani yake. Kila mwaka, siku ya pili ya Januari, vikundi vinavyoitwa Kaapse Klopse vinaandamana mjini kwa ngoma na mavazi yanayong'aa. Kwa nini tarehe 2? Kwa sababu enzi za utumwa tarehe 1 watumwa waliwatumikia mabwana zao waliokuwa wakisherehekea, na siku ya pili ndiyo wakapata mapumziko yao. Utumwa ukafutwa kule mwaka 1834, siku ikabaki. Mwaka 1966 serikali ya makaburu ikatangaza mtaa wa District Six kuwa wa wazungu na kuwahamishia wakazi wake pembezoni, kwenye nyanda kavu nje ya mji. Siku ikabaki. Watu waliofukuzwa mjini walikuja kurudi kuupita mji ule ule kwa ngoma. Hakuna ofisi ya utalii iliyobuni jambo hilo. Ofisi ya utalii ilikuja baadaye ikalikuta.

Na wala tusiende mbali. Zanzibar ina somo zima, lenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza Februari 2004 pale Ngome Kongwe. Ni tamasha zuri, limetengeneza majina ya wanamuziki na kuwaletea watu wa Mji Mkongwe wageni wengi. Lakini mwaka 2016 halikufanyika, kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Ukurasa wa pili ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Kila Julai watu wanarudi kijijini, wanaume wa pande mbili wanatandikana kwa migomba, wanawake wanaimba kwa maneno makali yasiyomwacha mtu salama, kibanda kinachomwa moto, kisha watu wanakula pamoja. Umewahi kusikia Mwaka Kogwa umeahirishwa kwa kukosa mdhamini? Hauna mdhamini wa kumkosa. Una wenyewe.

Sisemi haya kuishusha Busara. Laiti tungekuwa na chombo kama kile hapa. Nasema kinachodumu ni kile ambacho watu wangekifanya hata kama hakuna kamera. Na sisi tunacho. Watu wa Kilimanjaro wangerudi Desemba hata kama dunia nzima haitazami.

Sasa nirudi kwenye historia yetu, maana wanaosema Moshi haina kitu cha kuonyesha zaidi ya mlima wananikera kweli kweli. Miaka ya 1950, Mangi Mkuu Thomas Marealle na baraza lake waliwahi kuwa na Siku ya Wachagga, sherehe ya kila mwaka yenye bendera na maandamano. Walikuwa pia na gazeti lao la Kiswahili, *Komkya*. Kwa maneno mengine, hili jambo tunaloliita wazo jipya wazee walishalifanya, tena bila spika za kukodi. Lilikufa kwa nini? Kwa sababu lilifungwa kwenye kiti cha mtu mmoja. Siasa zikabadilika, cheo cha Mangi Mkuu kikafutwa, sherehe ikaondoka na kiti. Na lilikuwa la kabila moja, wakati mji ule ule ulikuwa na Wapare, Wahindi, Wasomali, Waarabu na wengine wengi, walioishi Njoro, Majengo na Bondeni na wakauita kwao. Makosa yote mawili yanaweza kurudiwa leo kirahisi sana. Badilisha Mangi kwa mkuu wa mkoa, badilisha bendera kwa fulana zenye nembo ya bia, na utakuwa na sherehe nyingine itakayokufa siku ya uhamisho.

Lakini historia ya kuonyesha tunayo kibao. Reli ilifika hapa mwaka 1911 kutoka Tanga. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925 wakiongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vya kwanza vya Waafrika katika bara hili. Fedha za kahawa zilisomesha nusu ya watu mnaowatania kwamba wanapenda hela. Pale Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alisimama juu ya mlima huu na mwenge wa uhuru. Desemba, ndugu zangu. Siku iliyoufanya mlima huu kuwa wa taifa iko ndani ya mwezi ule ule tunaoutafutia maudhui.

Waulize vijana wanaokuja na magari yao mapya, waliozaliwa Mbezi na Tabata, Mangi Meli alikuwa nani. Waulize nini kilikuwa kikifanyika ndani ya jengo la KNCU wanalolipita wakitafuta maegesho. Siwalaumu. Nani awaambie? Babu yuko mlimani anasikia kwa shida, baba yuko kwenye nyama choma na wenzake aliosoma nao, na mji hauna hata kibao kimoja cha maana cha kuwasimamisha.

Hapa ndipo penye hatari ninayotaka wasomaji wa ukurasa huu waione, maana sisi watu wa vitabu tuna kawaida ya kudhani matamasha ni mambo ya watu wa spika. Vihamba vinafungwa. Pita Kibosho au Mwika mwezi wa nne utazame nyumba nzuri zenye vigae, geti limefungwa, migomba haijapogolewa, mlinzi mmoja na mbwa. Zinafunguliwa siku kumi kwa mwaka. Mama mzee aliyekuwa sababu ya kurudi akiondoka, siku kumi zinakuwa tano, tano zinakuwa mbili za kwenda kuweka maua kaburini. Mtoto ambaye hajui Kichagga, hana binamu anayemjua kwa jina, na mjini hana chochote kinachomsubiri, akiwa na miaka 30 atapeleka familia yake Nungwi au Dubai, na hatakuwa na kosa. Safari ya Desemba inaonekana kama mila isiyokufa. Ukweli ni kwamba inaendeshwa na bibi wachache waliobaki, na tunakula mtaji wao.

Mji ungeweza kuwa sababu ya pili ya kurudi, ile inayobaki bibi akishaondoka. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya kuutangaza mji. Wa kwanza wa kutangaziwa mji ni watoto wake, kabla ya mtalii.

Na kwenye vitabu hali yetu ni mbaya zaidi. Dunia inaujua mlima wetu kwa hadithi ya Hemingway ya mwaka 1936, ambamo mzungu anakufa kwa kidonda akiukumbuka ujana wake, na mlima ni pazia jeupe nyuma ya kitanda chake. Ni hadithi kubwa, sibishani. Lakini mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alichapisha *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na mtu wa hapa juu ya watu wa hapa, tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa na baada ya kuzikwa. Nimekitafuta kwenye maduka ya vitabu ya mjini zaidi ya mara moja. Nimeonyeshwa vitabu vya kiada, vitabu vya kutajirika haraka, na ramani za njia za kupanda mlima. Mji ambao hauwezi kumuuzia mwanawe kitabu chake unataka kumuuzia fataki.

Basi nini kifanyike? Polemiki isiyo na pendekezo ni kelele ya baa, kwa hiyo nasema ninachotaka.

Kwanza, tarehe. Tusiguse 24, 25 na 26. Hizo ni siku za familia, za kanisa, za ndafu na za vikao vya ukoo, na mji ukiingilia hapo utashindwa, na utastahili kushindwa. Tuchukue tarehe 27 mpaka 30. Wanaozijua siku hizo wanajua zilivyo: nyama imeisha, watoto wamechoka kukaa kihambani, vijana wanatafuta kisingizio cha kushuka mjini, na safari ya kurudi ni Mwaka Mpya. Siku nne ambazo watu wapo, wana hamu, na hawana pa kwenda isipokuwa baa. Hakuna mtaalamu wa masoko ambaye angepewa siku kama hizo akazikataa.

Pili, mahali. Uwanja wa Ushirika uachwe kwa mpira. Mji wenyewe uwe uwanja: stesheni ya reli, Mnara wa Saa, jengo la KNCU, Soko Kuu, Mbuyuni, na kule Kiborloni kwa wauza mitumba. Barabara mbili tatu za katikati zifungwe kwa magari, watu watembee. Moshi ina sifa ya usafi nchi nzima. Hebu kwa siku nne tuwape watu nafasi ya kuukanyaga usafi huo kwa miguu badala ya kuupita na vioo vimefungwa.

Tatu, wenyewe. Kila kata ya mji iwe na kikosi chake, kama Calabar, na kila upande wa mlima ulete wake. Wapishi wa mtori, machalari na kiburu washindane, wapika mbege washindane, na waamuzi wawe akina mama wa rika la kuheshimika, wasiwe watu maarufu wa mtandaoni. Pasua walete ngoma zao, Njoro walete zao, wa Upareni walete makande yao, akina mama wa Majengo wakaange sambusa zao. Sikukuu hii isiwe ya mwenye kihamba tu. Kwa sensa ya 2022 manispaa hii ina watu zaidi ya 200,000, na wengi wao Desemba hawana mlimani pa kupanda. Wao ndio wanaobaki kutuuzia nyama, kutubeba na bodaboda na kutufulia mashuka. Tamasha likiwafanya tena kuwa wahudumu wa furaha ya wengine, litakuwa limeongeza tusi juu ya uchovu.

Na wapagazi. Mwisho wa Desemba ni msimu mkubwa wa kupanda mlima. Wakati sisi tunakula, kuna vijana wa Moshi wanaoiona Krismasi wakiwa Horombo au Barafu, na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Kila bango la kuutangaza mji huu lina mlima, na karibu kila mtalii aliyefika kileleni alibebewa hema na chakula na wao. Siku moja katika hizo nne iwe yao: watajwe majina, wasimulie, walipwe kwa kusimulia. Wakati Hans Meyer anafika kileleni mwaka 1889, simulizi za hapa zinamtaja Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa ndiye aliyemwonyesha njia. Tunajua historia ya waliobebwa kwa urefu. Hebu tuanze kuandika ya waliobeba.

Nne, kumbukumbu. Stesheni iwe na kibaraza cha wazee. Meza, vinasa sauti, na vijana wa vyuo vyetu wakiwauliza: mifongo ilichimbwaje, mnada wa kahawa ulikuwaje, nani aliishi kwenye nyumba ile. Kila mwaka masimulizi hayo yachapwe kitabu kidogo, kiuzwe kwa bei ya chupa mbili za soda kwenye tamasha la mwaka unaofuata. Baada ya miaka 10 tutakuwa na vitabu 10, na tutakuwa na kitu ambacho Nairobi, Arusha wala Dar hawawezi kukikodi.

Tano, fedha. Najua mnacheka, mnasema hapa ndipo Mchagga atakapoonekana. Haya, aonekane. Watu ambao kila ukoo una mweka hazina, kila mtaa wa Dar wenye watu wa nyumbani una chama cha kufa na kuzikana, na kila harusi ina kamati inayosoma mapato na matumizi mpaka senti, watu hao hawawezi kuambiwa kwamba bila kampuni ya bia hakuna sherehe. Michango midogo mingi, na hesabu zisomwe hadharani tarehe 30 jioni pale Mnara wa Saa, kabla ya ngoma ya mwisho. Wafanyabiashara wadhamini, karibuni, lakini jina la mtu lisiwe kubwa kuliko jina la mji. Kiingilio kisiwepo. Na VIP iwe benchi la wazee.

Kuna pingamizi tatu ninazozisikia tayari. Ya kwanza: "Huu ni ukabila." Ingekuwa kweli kama tungerudia Siku ya Wachagga. Ninachokitaka ni siku za mji, na mji huu haujawahi kuwa wa kabila moja tangu reli ilipofika. Ya pili: "Bila staa watu hawaji." Watu wameshakuja. Wako hapo juu, wanakunja miguu kwenye kochi wakitazama simu. Ya tatu naiheshimu: "Desemba ni ya nyumbani, msituletee mikutano na mabango." Ndugu, nakubaliana nawe, ndiyo maana naziacha siku zako tatu. Lakini jiulize kama nyumbani kwako ni ua na geti tu. Shule uliyosoma, soko alilouza mama yako ndizi za kukulipia ada, stendi uliyopandia basi la kwanza kwenda Dar na begi la mkopo: hayo yote hayako kihambani. Yako mjini. Na mji nao ulikulea.

Najua vile vile kwamba pendekezo langu halitapendeza kwenye picha mwaka wa kwanza. Watakuja watu wachache, mvua itatunyeshea, kipaza sauti kitakoroma, mtu atasema Arusha wamefanya kubwa zaidi. Sawa. Tukifanya la jukwaa, mwaka wa kwanza utakuwa mkubwa kuliko yote, wa pili mdhamini atapunguza, wa tatu atahamia mji mwingine wenye uwanja mkubwa, na sisi tutabaki na nguzo za chuma na majani yaliyokanyagwa. Tukifanya la wenyewe, mwaka wa kwanza utakuwa mdogo kuliko yote.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye vikao ni dogo. Kabla ya kuandika barua ya kuomba udhamini, shukeni Mbuyuni mkawaulize wanaouza ndizi pale wangependa kuonyesha nini, halafu mpande Old Moshi mkawaulize wazee wangependa kukumbuka nini, halafu mumuulize mtoto yeyote wa Dar aliyekuja likizo angependa kujua nini juu ya kwao. Majibu hayo matatu ndiyo ratiba. Fataki mnaweza kuzirudisha dukani.